Dhokla Iliyoona Haya

Kawira aliporudi nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula, alikuta hali ya taifa ni mbaya. Taifa lenyewe lilikuwa nyumba ya vyumba vitatu mjini Meru, na ubaya wenyewe ulikuwa kwamba cucu yake, Ciakuthii, mama mzazi wa mama yake, alikuwa amekataa kula.

Cucu aliletwa kutoka kijijini kwake Kiritiri, huko Mbeere, baada ya kuteleza na kuvunjika nyonga. Madaktari walikuwa wamekwisha kufanya yao. Iliyobaki ilikuwa kazi ya chakula. Lakini sahani iliingia chumbani kwake imejaa na kutoka imejaa. Daktari alisema wazi kwamba akizidi kupungua, Jumatatu atarudishwa wodini alishwe kwa mpira. Cucu aliuogopa mpira ule kuliko kifo, maana kifo, alisema, angalau hakipitii puani.

"Jaribu wewe," Eunice, mama yake Kawira, alimwambia Ijumaa asubuhi akivaa viatu vya kazini. "Mimi nimeshindwa. Nimepika mukimo, nimepika uji, hata samaki nimepika. Namwekea kwa sahani ya wageni, nampelekea mpaka kitandani. Anaangalia ukuta tu."

"Niachie, mum."

"Nakuachia cucu. Jiko sikuachii."

Akafungua kile kichwa cha mtungi wa gesi, akakitia kwenye mkoba. Likizo iliyopita Kawira alikaanga bisi bila kufunika sufuria, kwa sababu za kisayansi, na pazia la jikoni halikuishi kueleza matokeo.

"Kuna maikrowevu," Eunice alisema mlangoni. "Hiyo huwezi kuichoma."

Alikuwa mwanamke wa imani kubwa.

Kawira aliingia chumbani kwa cucu na uso wa matanga. Cucu alimtazama kama karani wa forodha anavyotazama gunia lisilo na mwenyewe. Alikuwa na haki. Mwezi wa nane msichana huyuhuyu alimpa chai yenye chumvi, akamwambia ndiyo sukari mpya ya serikali.

"Cucu, sema unachotaka. Kitu chochote duniani."

"Sitaki kitu kinachotoka kwenye hako kasanduku kenu ka jikoni. Chakula kinazungushwa mpaka kinashikwa na kizunguzungu, halafu naambiwa nikile."

"Sawa. Na kingekuwa kitu gani ungekula?"

Kwa Kimbeere chake cha polepole, cucu akaeleza kwamba zamani, akiwa bibi harusi mpya, yeye na wenzake walipeleka ndengu Embu kumuuzia Mhindi mmoja. Mke wa Mhindi alitoka mlango wa nyuma na sinia ya kitu cha manjano, laini kama sifongo, kichachu kidogo, kitamu kidogo, kimenyunyiziwa mbegu nyeusi juu. Hakuwahi kujua jina lake. Alikula akasahau kichwa kilivyomuuma kwa mzigo.

"Hiyo ni dhokla!" Kawira aliruka. Msichana mmoja bwenini mwao alikuwa akiletewa siku ya wazazi, na bweni zima lilikuwa likimpenda sana siku hiyo. Akachukua simu, akatafuta video. Mama mmoja mwenye bangili nyingi akamhakikishia kwamba dhokla hupikwa kwa maikrowevu na kuiva kabla hujamaliza kuosha bakuli. Kawira aliona hilo kuwa jibu la maombi, ingawa hakuwa ameomba.

Alishuka mtaa wa Majengo, akanunua unga wa dengu, bizari ya manjano na mbegu za haradali. Alirudi akakoroga unga na maji, chumvi, sukari, tangawizi na pilipili, akatia kijiko cha ile bizari ya manjano. Uji ukatoka wa rangi ya kupendeza kabisa. Ndipo mama wa bangili akasema sasa tieni ile dawa ya tumbo ya unga, inayotoa povu.

Kawira hakuwa na dawa ya tumbo. Ila kabatini kulikuwa na mkebe wa magadi, yale ya kulainishia maharagwe, ambayo hakuna jiko kuanzia Kangeta mpaka Kiritiri linaloyakosa. Alitafakari suala hilo kwa kina, muda wa kupepesa macho mara moja. Magadi hutoa povu. Dawa ya tumbo hutoa povu. Akasaga kipande kikubwa kama kidole gumba, akamimina, akakoroga.

Uji ukaona haya. Ulianza pembeni, ukaenea, na kufumba na kufumbua bakuli zima lilikuwa jekundu kama udongo wa Mbeere baada ya mvua.

"Yesu wangu!" Kawira alipiga kelele.

Kutoka chumbani ilisikika mikwaruzo ya kile chuma cha kutembelea ambacho cucu alikuwa amekataa kukigusa tangu alipopewa. Kwa, kwa, kwa. Kichwa chake kikatokea mlangoni.

"Umejikata?"

"Hapana, cucu."

"Hiyo damu ni ya nini?"

"Si damu. Ni chakula chako."

Cucu aliangalia bakuli. Aliangalia mjukuu. "Kawira. Mimi ni mgonjwa, wewe unanichezea."

"Sichezi! Haki ya Mungu, cucu, leo sichezi." Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya miaka kumi na sita, alikuwa akisema kweli na hakuna aliyeamini. Aliona hilo kuwa uonevu mkubwa. Lakini vidole vya cucu vilivyoshika kile chuma vilikuwa vimekonda kama vijiti, na Jumatatu haikuwa mbali.

Kilichobaki ni ndimu, ambazo video ilitaka ziingie mapema naye alizisahau. Akazikamulia zote mle kwa hasira. Bakuli likachemka bila moto. Povu likapanda likilia shiii, na pale lilipopita, wekundu ulioletwa na magadi ukafutika, manjano yakarudi, safi, kana kwamba hakuna lililotokea.

Cucu akarudi nyuma hatua. Halafu akacheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikamshinda, ikabidi Kawira amsogezee kigoda akae.

"Wee mtoto! Umejifunza uganga huko shule?"

"Tunalipiwa karo kwa hayo," Kawira alisema kwa heshima zote.

Alimimina kwenye bakuli la kioo lililopakwa mafuta, akafunga mlango wa maikrowevu. Safari hii cucu alisogeza kigoda mbele ya kioo, akatazama chakula kikizunguka na kuvimba. "Kinapanda," alinong'ona. "Kinapanda, angalia!" Mbegu za haradali zilikataa kupasuka katika mafuta yaliyopashwa kwa maikrowevu; Kawira alizimwaga juu hivyohivyo, zikiwa na kiburi chao.

Alikata kipande, akakiweka kwenye sahani ya wageni, akatia kijiko, akampa cucu kwa mikono miwili. Kisha akageuka kuosha vyombo.

Aligeuka tena. Sahani ilikuwa vilevile. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni mwa cucu.

"Cucu, ni nini sasa?"

"Na wewe unakula nini?"

"Nitakula baadaye."

"Kila mtu hapa anakula baadaye." Cucu aliweka sahani chini. "Naletewa sahani yangu peke yangu, kijiko changu peke yangu, mlango unafungwa. Kwetu hivyo ndivyo alivyolishwa mgonjwa wa kifua kikuu, asiambukize wengine. Eunice ananificha ugonjwa gani?"

Kawira alisimama na povu mikononi. Akakausha mikono. Akabeba bakuli zima, akaketi sakafuni karibu na miguu ya cucu, akamega kwa vidole, akala.

Ladha ya sabuni ilikuwapo, kwa mbali, kama mgeni aliyefika bila kualikwa.

Cucu akainama, akamega upande wa pili. Akatafuna kwa fizi, taratibu, macho amefumba.

"Ina magadi."

"Ndiyo, cucu."

"Mengi."

"Ndiyo."

Akamega tena. Wakala hivyo, mmoja huku, mwingine kule, mpaka katikati ya bakuli pakabaki kisiwa chembamba ambacho kila mmoja alikuwa akimsukumia mwenzake.

Jioni Eunice alifika amechoka. Alipasha githeri ya mahindi na maharagwe, akapakua sahani ya wageni, akaipeleka chumbani, akamkosa mgonjwa, akamkuta jikoni kwenye kigoda. Akamkabidhi.

"Yako iko wapi?" cucu aliuliza.

"Nitakula baadaye, mama, acha kwanza nipumzike."

"Basi na mimi baadaye."

Eunice alimtazama Kawira akitafuta utani ulipofichwa. Kawira alitikisa kichwa. "Hakuna mchezo, mum. Anadhani unamwogopa. Anadhani ana ugonjwa wa kutengwa."

Eunice alisimama na mwiko mkononi, kinywa wazi. Kisha akairudisha ile githeri kwenye sufuria, akaiteremsha sufuria yenyewe sakafuni na vijiko vitatu, akavua viatu, akaketi akijibana begani kwa mama yake. Alipeleka kijiko cha kwanza kinywani machozi yakimtoka, na cucu, ambaye hakupenda chakula kitiwe chumvi mara mbili, akamwambia afute uso haraka.