Kikokotoo Kikae Wapi

Mimi ni mchomeleaji wa chuma hapa Whyalla, Australia. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na minne, na kompyuta nilijifunza kwa kuzifungua. Raewyn ni mwalimu kule Invercargill, New Zealand. Sijawahi kumwona. Kwa miaka miwili tuliandikiana karibu kila siku, kuhusu menyu, ile orodha ya programu kwenye kompyuta.

Mimi natunza sura moja ya kompyuta, yaani kile unachokiona ukishaiwasha. Yeye anatunza nyingine. Zote tunazigawa bure. Kwangu programu ya barua ilikaa kwenye kundi la Ofisi, kwake ilikaa Mtandao. Mtu akibadilisha mashine anapotea kama mgeni anayetafuta chumvi jikoni kwa watu. Tukakubaliana kila programu ije na faili dogo linalotaja jina lake na kundi lake, na sura zote mbili zisome faili hilohilo.

Tukayapanga makundi, moja baada ya jingine. Katikati ya Michezo na Picha aliniambia mumewe alifariki, na kwamba Jumapili anakula chaza peke yake. Nami nikamwambia mambo ambayo sijamwambia mtu.

Machi ikabaki programu moja tu, kikokotoo. Yeye alitaka kiende Vifaa. Mimi nikasema Ofisi. Alikuwa sahihi, na nililijua hilo siku ileile. Nikabisha mpaka Novemba.

Kosta, mwenzangu wa karakana, hakuacha kunitania.

"We Clive, yule mama bado hajakuchoka?"

"Tunajadili kazi."

"Kazi gani, bwana! Miezi minane kwa kikokotoo? Mke wangu hanibishii hivyo, na ananichukia."

"Kula pai yako."

"Mwambie tu unampenda, nile kwa amani!"

Kisha ikaja barua ya mtunza maktaba mmoja wa Port Augusta, mji wa jirani. Kuna bibi wa miaka themanini na moja, Dulcie, anayekuja hapo maktaba kumwandikia mwanawe. Kila siku anapewa mashine yoyote isiyo na mtu, mara yenye sura yangu, mara yenye sura ya Raewyn, na kila siku anaanza upya kutafuta pa kubonyeza. Wiki iliyopita alilia. Mtunza maktaba aliuliza, "Mnamaliza lini?"

Niliona aibu. Nikamwandikia Raewyn: "Vifaa. Ulikuwa sahihi."

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi. "Hatimaye, mkaidi we! Nimefunga hoja. Asante kwa yote, Clive."

Nililisoma hilo "kwa yote" mara nyingi kuliko inavyofaa.

Toleo jipya likatoka. Watu wakatushukuru, mtunza maktaba akiwa wa kwanza. Kutoka Invercargill, kimya. Siku ya tano, kimya. Siku ya kumi nikakagua kama mtandao wangu unafanya kazi. Ulikuwa unafanya. Aniandikie nini, wakati kazi imekwisha?

Jumanne, siku ya kumi na tano, nikaandika: "Raewyn, kuhusu kikokotoo sikuwa na hoja yoyote. Niliogopa tukimaliza hutaniandikia tena. Hapa leo joto limefika arobaini na mbili na nyumba iko kimya. Niandikie chochote."

Barua hiyo haikuwa na hata neno moja kuhusu menyu. Nikaituma kabla woga haujanishika.

Leo ni Ijumaa, na bado nangoja jibu.