Hatua Elfu Kumi na Nne

Kengele ililia kwanza, ting, kisha makofi. Chumbani hamkuwa na mtu wa kupiga makofi. Ilikuwa kompyuta ya Daktari Seniloli, ambayo hushangilia kila jina la mgonjwa wa kijani linapofunguliwa.

Huyo wa kijani alikuwa Apakuki, mkata miwa wa mkoa wa Ra, mgonjwa wa sukari mwaka wa kumi na mbili sasa. Aliingia akiegemea mpini wa jembe. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ndani ya mfuko wa mkate, na ndani ya mfuko maji ya rangi ya chai yalicheza kila alipokanyaga.

Daktari hakugeuka. Alisoma kwenye kioo cha kompyuta: hatua elfu kumi na nne kwa siku, mapigo ya moyo kama ya kijana.

"Mzee, unajiandaa kwa Olimpiki?"

Apakuki alicheka, maana daktari akitania mgonjwa hucheka. Kisha akasema kwamba ile saa ya mkononi inayohesabu hatua hanayo.

Saa hizo waliletewa na wafadhili, moja kwa kila mgonjwa wa sukari wa bonde lile. Anayefikisha hatua elfu tano ni kijani, insulini yake bure. Asiyefikisha ni mvivu, akanunue. Hata safari ya kwenda kwa mpasuaji wa miguu hupangwa na kompyuta, na mwezi uliopita kompyuta ilimfuta Apakuki kwenye orodha ya safari hiyo, kwa kuwa hatua zake zilionyesha mguu mzima. Daktari aliulizwa kama anakubali. Alibonyeza ndiyo, akaendelea kunywa chai.

Saa alikuwa nayo Manasa, mtoto wa dada yake Apakuki, mchezaji wa raga. Alikuja nyumbani, akaitazama, akasema ni nzuri. Yakaisha. Kwa mila yao mpwa ni vasu. Akisifu kitu cha mjomba wake, kitu hicho ni chake, na mjomba anayekataa hana uso wa kuonyesha kijijini. Wala Apakuki hakuona ubaya. Saa inayojua umelala saa ngapi, itashindwaje kujua iko mkononi mwa nani?

 Ukutani picha ya Daktari ilitabasamu: Daktari Bora, mara ya tatu mfululizo. Rangi za wagonjwa ndizo alama za daktari. Kesho wafadhili walikuwa wanakuja, na mchoro wa hatua za Apakuki ulikwisha kuchapwa kwenye bango la kuwapokea.

"Mfumo unaona umepona," alisema.

"Na wewe, Daktari, unaona nini?"

Daktari alinyoosha mkono, akageuza feni ili harufu ya mguu itoke nje kupitia mlangoni.

"Mwambie mpwa wako asiivue mpaka wageni waondoke."

Sista Shobna, muuguzi wa zahanati, ndiye aliyefungua ule mfuko, kwenye benchi la nje. Hakuwa na kioo cha kutazama, alikuwa na vidole tu. Alibonyeza kidole gumba cha mguu, akauliza kama kinauma. Apakuki alisema hakiumi, na akafurahi kusema hivyo. Sista hakufurahi. Aliandika barua ya rufaa kwa mkono, akaipeleka ikatiwe saini. Daktari alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba.

Saini ilipatikana siku ya nne, wageni walipokwisha kula, kupiga picha na bango na kuondoka. Mguu ulikatwa juu ya goti.

Manasa alikuja wodini mchana na dalo, magimbi ya kwao, na samaki wa kopo. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mahali ambapo shuka lilikuwa limelala bapa, kisha akaona amekaa wapi, akasimama. Aliivua saa akaiweka kifuani kwa mjomba wake bila kumtazama.

Apakuki alimweleza alichosema Sista: kwamba amewauliza wafadhili kama mtu wa mguu mmoja anasamehewa hatua, akajibiwa kwamba fomu haina sehemu ya jambo hilo.

Saa ilitetemeka. Wote wawili waliisoma. *Apakuki, umelala mno leo. Inuka utembee.*

Manasa aliichukua, akaifunga tena mkononi mwake, akaibana hadi ngozi ikakunjamana.

"Nitakimbia kwa ajili yako, mjomba," alisema. "Kila siku ya Mungu. Elfu kumi na nne, haitapungua hata moja."