Taa Iliyozimika Juu ya Nyumba ya Fundi

…tena yale yale, "Bibi, nisimulie ya fundi redio," kwani mimi ndiyo redio, unibonyeze niongee, nimepanda huku juu ya paa kuanua shuka zangu, sikuja kufukua watu, na huyu mjukuu wangu, kazi yake kuongoza ndege zitue, hata siku ya mapumziko macho yake yapo juu, ile inamemeta nyekundu na kijani, "Ndege ya abiria hiyo, Bibi," ile iliyokwaruza mbingu ikafa, "Kimondo," mwaka wa mabomu nani alichambua kipi ni kipi, kilichotembea juu kilikuja kutuua, basi, tulisimama hapa hapa, taa zimezimwa kwa amri, nikakiona, cheupe, hakimemeti, hakingurumi, kinakwenda kama kimepanga chumba humu, na ng'ambo ya barabara fundi redio akawasha taa, akazima, na kile cha juu nacho kikazimika, katikati ya mbingu, nani aliyepiga kelele… mimi, mdomo huu huu, anaongea nacho! anawaonyesha njia! mume wangu akashuka na nondo, wanaume wa mtaa nyuma yake, wakamburuta fundi mpaka barabarani, "Shemeji, waambie, mtoto ana homa, nilikuwa natafuta dawa!" nikamjibu kutoka huku juu, ushemeji wako kawape wenye mabomu, nondo ya kwanza ikachukua meno, ya pili sikio, ya tatu sikutazama, nilisikia tu, kama boga limeanguka… "Bibi, ona ile!" nini tena, kitu cheupe, hakimemeti, hakingurumi, "Subiri, sasa hivi inapotea… hiyo!" kimezimika, katikati ya mbingu, na mtaa mzima taa zinawaka, hakuna aliyegusa taa, "Setilaiti, Bibi, haina taa yake, inang'aa kwa jua, ikiingia kwenye kivuli cha dunia ndiyo kwisha, kila siku iko hivyo," kila siku, anasema, na anatafuna kucha… mume wangu watu wa serikali walimnyonga kwa damu ya fundi, nikasema kanyongwa shujaa, mjane wa fundi nikamtemea mate sokoni, mtoto wake mgongoni, nikarudi nikala nikashiba, miaka arobaini nimelala fofofo kwa sababu yule alikuwa msaliti, lazima awe msaliti, sasa… "Haya, Bibi, si unisimulie?" shuka hii bado ina unyevu, naikunja, naikunjua, mume alitoa shingo yake, mimi hawakunigusa, nilidhani nimepita bure, kumbe kwangu ni usingizi walikuwa wanautaka, na wameuchukua wote, leo, nimesimama, hata kitanda sijatandika…