Tatizo Moja kwa Kila Miadi

Haba na haba haijazi kibaba, ikiwa kila haba imepewa kibaba chake. Beverley Ashworth alilijua hilo sasa, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika kliniki ya mtaa, amejikunja kama mtu anayetafuta pini iliyoanguka sakafuni, kwa kuwa mgongo haukumruhusu kukaa vinginevyo. Juu ya dirisha la mapokezi palikuwa na bango ambalo mji mzima ulilijua kwa moyo: TATIZO MOJA KWA KILA MIADI. Chini yake, safari hii, waliweka meza yenye kitambaa cha zambarau, riboni za zambarau na bakuli la peremende. Novemba ulikuwa mwezi wa kuwazindua watu kuhusu saratani ya kongosho.

Wagonjwa wengine walikuwa wameacha kiti kitupu kila upande wake. Si kwa ubaya. Ngozi yake ilikuwa bado ya manjano, na watu hawakujua watazame wapi.

Mwezi wa Machi alikwenda kwa ajili ya mgongo. Kupata miadi kulitaka upige simu saa mbili kamili asubuhi, usikilize muziki mpaka mtu apokee au nafasi ziishe. Daktari kijana alimpa vidonge na karatasi ya mazoezi ya kujinyoosha. Alipotaja kwamba chakula nacho hakishuki, daktari aliitazama saa, akamwambia kwa upole kuwa kwa hilo apige simu tena. Akapiga. Daktari mwingine akampa dawa ya kiungulia, na Beverley hakuutaja mgongo, maana mgongo ulishapewa miadi yake. Alilelewa na watu wasiomsumbua daktari. Kwao, mtu aliyevunjika mguu akiulizwa hali hujibu, si mbaya.

Kiangazi kilipokuwa kinakwisha, damu yake ilikutwa na kisukari. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akatabasamu.

"Umepungua, mpenzi. Umefanyaje?"

"Sijafanya kitu."

"Basi endelea hivyo hivyo."

Beverley, ambaye tangu kifo cha mumewe Derek hakuna aliyeusifu mwili wake, alirudi nyumbani amefurahi. Alijinunulia hata sketi. Kati ya yote yaliyofuata, hilo ndilo lililomchoma zaidi: kwamba alifurahi.

Macho yalipogeuka manjano, alikwenda hospitali kubwa mwenyewe kwa basi. Huko daktari mwanamke aliketi ukingoni mwa kitanda na kumuuliza yote kwa pamoja. Mgongo, chakula, uzito, kisukari. Akauliza kama anavuta sigara. Beverley akamweleza kwamba kiwandani alikofanya kazi, kwenye mkanda wa biskuti, wavutaji ndio waliopewa ruhusa ya kutoka nje kidogo. Asiyevuta alibaki akipanga biskuti. Akaanza kuvuta akiwa na miaka kumi na sita, ili aone anga. Na mama yake je? Mama alikufa kwa tumbo. Ndivyo ilivyosemwa, tumbo, na kwa sauti ya chini.

Daktari akaweka kalamu. Ni kongosho, alisema, na saratani imeshafika kwenye ini, haikatiki tena kwa upasuaji. Beverley alimwomba alirudie neno lile. Alikuwa hajui kwamba anacho kitu hicho.

Wiki iliyopita alikuja hapa kliniki kuomba dawa kali zaidi ya maumivu, na kitu cha kutuliza ngozi iliyomwasha akajikuna mpaka damu ikatoka. Kayleigh, binti wa mapokezi, akamuuliza kutoka nyuma ya kioo: "Maumivu au kuwashwa, mpenzi? Ni kimoja." Beverley alikipiga kioo kwa kiganja na kutamka maneno ambayo hakuwa ameyatumia tangu kiwanda kifungwe.

Ndiyo maana leo ameitwa. Meneja wa kliniki, Bi Pickering, alimkaribisha ofisini na kufunga mlango.

"Naweza kukuita Bev?"

"Beverley." Aliyemwita Bev alikuwa amezikwa.

Bi Pickering alisema anaelewa, kila mtu anaelewa, lakini hapa matusi hayavumiliwi. Binti alilia chooni. Beverley akimwomba radhi, yamekwisha. Asipoomba, ataondolewa kwenye orodha ya wagonjwa, atafute kliniki nyingine.

"Na dawa yangu? Na muuguzi wa kuja nyumbani?"

"Huko utakakohamia watakupangia upya. Wiki kadhaa, labda."

Wote wawili walijua wiki kadhaa ni nini kwake.

"Tena tulikuwa tunafikiria," meneja aliongeza, sauti imelainika, "ukipenda, upigwe picha pale kwenye meza yetu. Watu wanaguswa na sura halisi."

Kayleigh akaitwa. Alisimama mlangoni, riboni ya zambarau kifuani, macho chini. Alinuka sigara iliyozimwa muda si mrefu.

"Unavuta, mwanangu?" Beverley aliuliza.

Binti akamtazama meneja kwanza. "Kidogo."

"Usipovuta, wanakuruhusu kutoka nje?"

Kayleigh alitikisa kichwa kukana, kidogo sana, kama mtu anayemfukuza nzi bila kutaka aonekane.

Maumivu yakaja, yakaupita mgongo na kutokea mbele. Beverley alishika ukingo wa meza mpaka yalipotulia. Nyumbani kulikuwa na vidonge vya siku mbili, televisheni, na kiti cha Derek.

"Neno moja tu, Beverley," alisema Bi Pickering, "halafu kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Yuko hapa. Mwambie."

Beverley alinyooka kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Leo nina moja tu," alisema. "Siombi radhi."