Jina la Josepha

...na hamchukui, hata angekuja na behewa zima la ukoo wake kutoka Bukene hamchukui, Mwamvita aliwaza, huku kitana kikipasua nywele za Koleta na kuacha mstari ulionyooka kutoka utosini hadi kisogoni, maana mkono wake haujapinda mstari tangu usichana na hasira ya mgeni mmoja haitaupinda leo, mtoto ameketi mkekani, mabega yamebanwa katikati ya magoti ya Mwamvita, kimya, kimya kile kile cha tangu masika, na huko mbele, ng'ambo ya pazia la ukumbi, barazani, yule mjomba mtu, Masolwa, anamweleza Bwana Hilali mwenye duka kwa ile sauti ya watu waliozoea kuitana kutoka shamba hadi shamba, "Mimi sikuja kugombana, mzee wangu, nimekuja kuchukua damu yangu"... damu yake, eti, ilikuwa wapi hiyo damu mtoto alipokuwa akiamka mkeka umelowa na macho yamemtoka kama aliyekimbizwa na fisi, ilikuwa wapi alipokuwa akigeuzia uji uso mpaka uji ukaganda... alikuja kwenye msiba, ni kweli, kaburi la dada yake alilichimba yeye, hilo hawezi kumnyima, kisha mvua zikamwita shambani akaenda, na leo mahindi yameingia ghalani ndiyo anatokea na kikapu cha michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, na tiketi ya mtoto mfukoni, treni ya jioni, anasema, kana kwamba mtoto ni debe la asali, unalifunga mdomo kwa jani unalipakia... tulia mwanangu, hapa pana fundo, nitalifungua taratibu, na vidole vikalifungua, na Koleta hakusema "aa" wala hakusema "mh", mtoto wa miaka minane anavutwa nywele na halalamiki, hilo ndilo linalomuumiza Mwamvita kuliko yote, afadhali angepiga kelele mpaka mtaa mzima wa Isevya ukaja kuuliza kulikoni, lakini wapi.

Na ni yeye aliyekabidhiwa, hakumpora mtu, Damas mwenyewe, baba wa mtoto, alisimama hapa hapa uani na kofia yake ya reli mkononi, kazi yake ni kukarabati njia huko upande wa Tura na mvua zilikuwa zimebeba tuta, akasema, "Mama Balozi, nikienda naye kambini atakaa na nani? Nikimwacha peke yake atakuwa mgeni wa nani?" naye Mwamvita akamjibu atakuwa mgeni wa nyumba kumi, baba, nenda kazini kwako, na hakulisema kwa kujisifu, alilisema kwa sababu yeye ndiye balozi wa nyumba hizo, amechaguliwa na watu hao hao, na kama nyumba kumi zinaweza kukaa kikao juu ya mtaro wa maji machafu na mbuzi wa fulani aliyekula mchicha wa fulani, basi zinaweza kukaa kikao juu ya mtoto, wakakaa, na Twalibu fundi cherehani akanyoosha mkono akasema, "Lakini Bi Mwamvita, hili si jambo la chama, hili ni la wazazi na Mungu," naye akamuuliza, Twalibu, huo ujamaa tunaouimba kila mkutano ni wa majembe tu, jirani akivunjika mguu tunambeba, mtoto wa jirani akivunjika ndani tumwangalie, ndivyo, na Twalibu akacheka, akainamisha kichwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemzidi Twalibu, kila baada ya shule Koleta huketi kwenye kigoda kando ya cherehani yake akipanga vifungo kwa rangi, na Twalibu humsimulia habari zote za mjini bila kumwuliza swali hata moja, maana ndivyo walivyokubaliana, asiulizwe, asiitwe bubu, asitishwe kwa fimbo, na mwenye nafasi ampe kazi ya mikono na sauti ya mtu karibu... na Bi Fakhria, mke wa Hilali, akamwita jikoni kwake kutwanga iliki, na Jumapili ni Mwamvita mwenyewe, na buibui lake, anayemfikisha Koleta hadi mlango wa kanisa na kumngoja nje kivulini, watu wa kanisani walishangaa mwanzo, sasa humtolea kiti, na yule mwalimu aliyemrudisha nyumbani akisema siwezi kufundisha mtoto asiyejibu, Mwamvita alimfuata hadi ofisini, akamwamkia vizuri, akamwambia mwanangu, mimi mwenyewe nimejifunza kusoma juzi tu katika kisomo cha watu wazima, na mwalimu wangu hakunitaka nijibu kwa mdomo, alinipa chaki, mpe na yeye chaki, akampa, na Koleta anajibu, anaandika ubaoni mwandiko wa kupendeza, basi tumefanya, ndiyo, tumefanya kazi, uji anakunywa, mkeka haulowi tena, juzi paka wa Twalibu alijizungusha kwenye uzi mpaka akawa kama kifurushi na Koleta akacheka, kicheko kisicho na sauti, lakini meno yote yalionekana, meno kama punje za mahindi mabichi, na watu wazima wanne wakasimamisha kazi zao kuyatazama.

"...bibi yake mzaa mama ndiye anayemtaka," Masolwa anasema huko barazani, "wazee wameangalia ramli. Mtoto hajatambulishwa kwa watu wake waliolala. Akifika nyumbani, akapewa jina lake, ulimi utafunguka." Na Bwana Hilali, mpole kama kawaida yake, kikombe kinagusa kisahani, "Wallahi, ndugu yangu, sikatai mila za mtu. Ila mtoto huyu ameanza kushika njia hapa. Ukimng'oa sasa..." na hakumalizia, Hilali hamalizi sentensi akiona inaelekea kumuumiza mtu, ni wajibu wa Mwamvita kwenda kuimalizia, na ataimalizia, akifika mstari wa mwisho kule sikioni atajifunga kanga vizuri, atatoka, atasema, Masolwa baba, shikamoo yako niliipokea asubuhi, marahaba, na michembe tumeshukuru, lakini mji huu unajua kulea asiyemzaa, unajua kuliko mji wowote, uliza, bibi yangu mimi, mama wa mama yangu, aliletwa hapa na msafara wa pembe za ndovu akiwa mdogo kuliko Koleta, amefungwa kitambaa cha mtu mwingine kiunoni, kutoka ng'ambo ya ziwa, Umanyema, hata ni wapi huko Umanyema hakujua, na hao waliompokea hawakuwa damu yake hata tone, wanawake wa Tabora walimwogesha, wakamlisha, wakamfundisha kusema Kiswahili hiki ninachosema nawe, wakamwoza, akazaa, na mimi ndiye huyu hapa balozi, basi usinieleze habari za damu, bwana, nusu ya mji huu ilikuja ikiwa imepotelewa na damu na ikapata watu... maneno mazuri, yamepangika, akayapitia tena kichwani na kuyapenda, akashika fungu jingine la nywele, akaanza kulisuka kwa kasi, mtu mwenye hoja vidole vyake huwa vyepesi.

Kisha Masolwa akasema, si kwa ukali, kama mtu aliyechoka kubishana akaona heri azungumze tu, "Unajua, mzee wangu, mtoto huyu amechukua sura ya Josepha yote. Asubuhi alipofungua mlango nilishtuka. Josepha mtupu."

Na mabega yakageuka. Mabega ya Koleta, yaliyokaa katikati ya magoti ya Mwamvita yakiwa magumu kama kuni tangu asubuhi, si asubuhi, tangu masika, yakageuka upande wa pazia, shingo ikanyooka, na nusu ya msuko ikachomoka vidoleni mwa Mwamvita... amekuwaje... Josepha... Josepha, mara ya mwisho jina hilo lilitajwa lini katika ua huu, Mwamvita alilitafuta kichwani na hakuliona, wanasema marehemu, wanasema mwenzetu, wanasema yule aliyetutangulia, na hata hayo huyasema kwa kunong'ona, Koleta akitokea mtu hukohoa na mazungumzo hugeukia bei ya sukari, walidhani ni huruma, ilikuwa huruma, nani apitishe kisu kwenye kidonda cha mtoto, na msibani, ee Mola, msibani, mtoto ambaye homa ilimchukua mama yake mchana kweupe naye amekaa kando akimpepea kwa kipepeo cha ukili, akidhani amelala, akifukuza inzi ili asimwamshe, akaja mtu wa kwanza akamwambia nyamaza mama amepumzika, akaja wa pili akamwambia nyamaza mtoto mkubwa halii, wakaja wanawake ukumbi mzima, kila mmoja akimpapasa kichwa, nyamaza mama, nyamaza mwanangu, nyamaza, nyamaza, naye ni mtoto msikivu, amelelewa vizuri, Josepha alimlea vizuri, akanyamaza... na nani amemwambia mpaka leo kwamba sasa basi, inatosha, sema.

Na bibi, bibi yake Mwamvita, yule wa msafara, alilishwa, ndiyo, alivikwa, aliozwa, alizikwa na watu wengi mpaka njia ya makaburini ikajaa, lakini siku zake za mwisho, akiwa kitandani, Mwamvita akiwa kijana ameshika bakuli la maji, bibi alikuwa akikunja uso kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia mvunguni, na mama akamuuliza unataka nini, akasema, "Natafuta jina la mama yangu. Nililijua. Nilipofika hapa nililijua," wala hakulipata, hakukuwa na mtu wa kumkumbusha, katika mji mzima uliompenda hakukuwa na mtu mmoja aliyewahi kumwona mama yake... na mimi, Mwamvita, nimempata huyo mtu mmoja, yuko barazani kwangu anakunywa kahawa, nimemkalisha nje kama mdai, nataka kumrudisha kwenye treni na jina la Josepha mdomoni mwake, nibaki hapa na uji wangu na misuko yangu... hapana, uji haukuwa kosa, vifungo vya Twalibu havikuwa kosa, mtoto asingesimama bila hivyo, Koleta haendi leo, hilo halijabadilika, kiungo kinachounga hakivutwi, lakini mjomba naye haendi, hiyo tiketi asahau, alale hapa, alale kwa Twalibu, mahindi yako ghalani, ng'ombe wana ndugu zake wa kuwachunga, akae mpaka Damas arudi kutoka Tura, na hayo ya wazee wa Bukene na jina la kupewa mtoto yatazungumzwa, twende wote, Mungu akipenda, mimi na Fakhria na mtoto katikati yetu, treni si ya Masolwa peke yake.

"Alikuwa mtundu, huyo Josepha!" sauti ya barazani imekolea sasa, na Hilali anacheka kabla hajajua anachochekea, "siku ya kwanza kuiona treni, pale kituoni, akakimbia mpaka kwenye injini na michembe kwenye upande wa nguo, akaanza kuitupia. Tukamwita, Josepha wee, utakufa! Akasema, imechoka jamani, ina njaa, hamsikii inavyohema?"

"Mjomba!" Mwamvita akaita, na sauti yake ikatoka nene kuliko alivyotarajia.

"Naam, Mama Balozi."

"Wewe si mgeni wa kukaa barazani. Pita uani. Hayo njoo uyasemee hapa, anakosikia mwenyewe."

Kiti kikasukumwa, viatu vikavuliwa, nyayo zikaanza kuja kwenye sakafu ya ukumbi polepole, nyayo za mtu asiye na hakika kama amesikia vizuri, na Koleta hakusema neno, wala Mwamvita hakulingoja, nywele bado ni nusu, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama kama manyoya ya kifaranga, ni mabega tu, yameanza kutikisika chini ya mikono yake, ni kicheko ama ni kilio, kwa nyuma mtu hawezi kujua, mpaka tone likadondoka juu ya unyayo wa Mwamvita, la moto, kisha jingine, na sauti ikafuata, nyembamba, ya kukwaruza, kama mlango usiofunguliwa muda mrefu, si neno, ni sauti tu, na hapo lile neno la kunyamazisha likamjia Mwamvita mdomoni lenyewe kwa mazoea, kama linavyomjia kila mwanamke anayelea, akalimeza, akasogeza mguu mtoto apate pa kuegemea, akashika fungu jingine la nywele.