Mkwaruzo Ndani ya Kabureta

Ti. Kimya. Ti.

Petroli ilikuwa ikidondokea kopo la samaki ambalo Larbi alilitega chini ya pikipiki, pale ukumbini inapolazwa kila usiku kwa kuogopa wezi. Larbi, mumewe Mbarka, alikuwa akikoroma. Binti yao Ghizlan, wa miaka mitano, alilala kifudifudi, mguu mmoja nje ya blanketi. Mbarka akaamka kumfunika, akafungua dirisha harufu itoke, akarudi kitandani, akaamka tena. Kila tone lilikuwa kama linamtaja jina.

Ijumaa iliyopita pikipiki ilikuwa ikizimika kila mara mtu akiachia mafuta. Mbarka alingoja Larbi aende msikitini, akafunga koki ya petroli, akaishusha kabureta juu ya sinia. Vidole vyake vilizoea kazi ndogo ndogo. Ndiye aliyewafumia nusu ya mtaa vifungo vya hariri vya majoho yao. Akafungua bakuli la chini yake, akaliinua boya linaloelea humo, akakiona kitundu petroli inapoingilia, pale kinapokaa kizibo chenye ncha. Kilikuwa na uchafu. Akachukua sindano yake ya vifungo, akachokoa. Kumbe shaba ya pale ni laini, na sindano ya chuma haina adabu. Siku moja pikipiki iliunguruma vizuri mno. Siku ya pili ikaanza kutoa moshi mweusi, kulewa petroli na kudondosha.

Larbi, asiyejua hili wala lile, akaipeleka kwa Ami Bihi, fundi wa kona ya Sidi Yusuf. Mzee akaisafisha, akairudisha. Matone yakazidi.

"Leo atanitambua," Larbi alisema asubuhi, wakati wa chai, akimega mkate wa harsha kana kwamba ndio shingo ya mtu. "Kaiharibu, halafu anajifanya hamnazo. Nitamsema mbele ya mafundi wenzake."

"Labda siyo yeye."

"Basi nani? Majini?"

Mbarka akameza chai ya moto. Larbi hakuwa mtu mbaya. Ila sheria yake moja aliitangaza tangu mwanzo: *endesha upendavyo, lakini siku nitakayojua umegusa hata parafujo, ufunguo unalala mfukoni mwangu.* Mchana aliitumia pikipiki kwenda kupiga lipu. Jioni ilikuwa ya Mbarka, ya kumpeleka darasani, ng'ambo ya mashamba ya mizeituni, ambako baada ya magharibi hakuna basi. Mtihani wa cheti ulibakiza wiki mbili. Wiki mbili tu, jamani! Angenyamaza, nani angejua?

Akamvisha Ghizlan viatu, akaviona vimepishana, akavivua, akamvisha upya. "Tunafuatana nawe," akamwambia Larbi.

Ami Bihi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya kibanda, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Larbi alipomlaumu, hakubisha. Aliifungua kabureta, akaipindua juu chini boya lilale na kukibana kizibo, akatia mpira wa petroli mdomoni, akapuliza.

"Haizuii," akasema. "Ikiwa nzima, hapa pumzi inagonga ukuta. Hii inavuja." Akasogeza kioo cha kukuzia. "Mkwaruzo. Kuna chuma kimepita humu. Mimi, tangu nianze kuvaa suruali ndefu, natumia unyasi wa ufagio."

"Nani aliigusa mwisho?" Larbi alipaza sauti. "Si wewe?"

Muuza matairi wa jirani akadakia, "Ami Bihi, macho yamestaafu! Kauze karanga, ile kazi unaipapasa tu!"

Watu wakacheka. Mbarka alimtazama mzee akivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akachungulia tena kitunduni. 

"Pengine," akasema polepole. "Pengine ni mimi. Siku hizi asubuhi naona ukungu... Nisamehe, mwanangu. Pengine nilishika waya nikidhani ni unyasi."

Hapo ndipo Mbarka aliposhindwa kuvumilia.

"Siyo wewe, Ami. Ni mimi. Niliifungua Ijumaa, nikachokoa kwa sindano yangu ya vifungo."

 Larbi aligeuka, uso wake ukawa mwekundu, ukafifia.

"Wewe? Na ukaniacha nimtukane mtu mzima?"

"Nilikuacha. Nakuombeni radhi nyote wawili."

Ami Bihi alikuwa ameshainama juu ya kabureta. "Boya hujalipinda," akanung'unika. "Wanaume wote wa hapa hulipinda. Njoo, binti yangu. Aliyekwaruza na asugue."

Akampa kijiti cha pamba cha masikio na dawa ya meno kidogo. "Zungusha. Usikandamize. Unaisihi tu."

Mbarka akazungusha huku jasho likimtiririka shingoni. Wakasafisha, wakajaribu, pumzi ikavuja. Akasugua tena. Mara ya tatu mzee akapuliza hadi mashavu yakajaa, akautoa mpira mdomoni.

"Ukuta," akasema. "Na wewe muuza matairi, karanga zangu nitakuuzia wa kwanza."

Wakaifunga, Larbi akapiga teke moja. Pikipiki ikawaka, ikatulia kwenye mngurumo mdogo wa sawasawa, bila moshi. Alisikiliza kitambo kirefu, akainama kuangalia chini. Pakavu. Akambusu Ami Bihi begani, akamwomba radhi kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Kisha akazima, akachomoa ufunguo, akaufumba kiganjani.

Mbarka alijifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Larbi alimtazama, akautazama mfuko wake, akabaki amesimama vivyo hivyo, ngumi imening'inia.

Ghizlan akamvuta suruali.

"Baba, leo jioni Mama ana shule."