Kipande cha Lawi

Mama Pindo alikuwa ameshona miaka mingi, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia nguo kwa sababu ya kukata vibaya. Safari hii alikata vibaya.

Mdogo wake wa kiume, mwalimu wa watoto kanisani, alimwomba ashone ramani ya Nchi ya Ahadi kwa vitambaa, kila kabila na rangi yake. Mama Pindo akawahesabu wana wa Yakobo kwa vidole, wakatimia kumi na wawili, akakata vipande kumi na viwili. Cha Lawi alikitoa kwenye kitambaa cha buluu, kizuri kuliko vyote.

Mwalimu alipofika alivua viatu mlangoni, akamwamkia, akamtungia uzi kwenye sindano kabla hajaombwa, maana alijua macho ya dada yake yamechoka. Kisha akaitazama ramani, akacheka kidogo.

“Dada, umempa Lawi kiwanja.”

“Kwani si mtoto wa Yakobo?”

“Ndiye. Lakini hakugawiwa nchi. Kipande chake kitoe, na cha Yusufu ukikate viwili, Efraimu na Manase.”

“Yaani Yusufu ale mara mbili, Lawi alambe vidole?”

“Urithi wa Lawi ni Mungu mwenyewe. Ndugu zake walimpa miji ya kukaa, katikati yao.”

“Na jangwani alitembea kama wenzake?”

“Alitembea. Tena watu wake ndio waliobeba sanduku la agano.”

“Mzigo abebe yeye, kufika akae kwa watu. Haya.”

Mwalimu hakucheka tena. Alitoa karatasi mkobani, akailaza juu ya meza ya cherehani. Ilikuwa habari ya kiwanja cha marehemu baba yao. Kiligawanywa sehemu mbili, ya kaka mkubwa na ya Mwalimu, na chini palikuwa na nafasi ya Mama Pindo kutia sahihi kwamba hadai kitu.

Alipokuwa msichana, baba yao alimpeleka kiwanjani, akasimama naye kwenye kona moja, akamwambia, “Hapa patakuwa pako.” Aliyesikia ni yeye peke yake.

“Hatukufukuzi, dada,” Mwalimu alisema. “Nyumba yangu ni yako. Na hapa kwa binti yako hukosi kitu.”

Yote kweli. Huyu ndiye aliyemuuguza hospitalini, akalala sakafuni wiki nzima. Angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa rahisi.

Mama Pindo alishika kalamu, akaiweka chini. Alitaka nini hasa? Udongo? Kwa magoti haya asingelima hata tuta moja. Au alitaka tu neno la baba lisiwe la uongo? Na huyo Lawi, aliheshimiwa au alipunjwa? Kila alipodhani ameshika jibu, lilimponyoka.

“Lawi aliridhika?” aliuliza.

“Haikuandikwa kwamba alilalamika.”

“Hata mimi haikuandikwa.”

Mama Pindo akaisukuma karatasi upande wa mdogo wake.

“Andika upya. Sehemu tatu.”

“Kumbe unakitaka.”

“Sijui. Mnataka niwaachie kitu ambacho sijapewa. Nipeni kwanza, ndipo nijue kama nakitaka au nawaachia.”

“Na ukituachia, si yatakuwa yale yale?”

“Huenda. Mimi mwenyewe sielewi, mdogo wangu. Wewe andika.”

“Kaka atauliza.”

“Aje aniulize mimi. Njia anaijua.”

Mwalimu alijikuna shingo. Akaigeuza karatasi upande mweupe, akachora kiwanja, mistari minne.

“Baba alisimama kona ipi?”

“Ile ya juu.” Mama Pindo alikaza macho kwenye mchoro, akasita. “Au ya chini, kwenye mfereji. Ngoja kwanza.”

Mwalimu akavuta kiti, akakaa karibu naye, akangoja na kalamu mkononi.